Hesabu ya Mabati

Saa tisa usiku upepo ulitoka ziwani bila hodi,
ukapita Kirumba, ukavuka Mto Mirongo,
ukapanda kwetu mlimani
kama mdai aliyechoka kusubiri.
Asubuhi, mtaa unaoitwa Mabatini
uliamka hauna mabati.

Nimehesabu ya kwangu: kumi na nane.
Yote yapo. Moja tu limekunjika sikio.
Nikafungua kinywa niseme asante,
nikamwona Mama Ng'washi, ng'ambo ya jiwe tunaloanikia nguo,
ameketi kitandani, kitanda kiko nje —
hapana, kitanda kiko palepale kilipokuwa,
nje ndiyo imehamia ndani.

Nikafumba kinywa.
Asante ina sauti, Mungu wangu,
na leo kuta za jirani hazizuii kitu.

Basi nikaisema kwa mikono.
Nikabandika lile sufuria la misiba,
uji wa mtama, ukwaju,
sukari kilo mbili kutoka kwa Bugumba,
ambaye alipima, akafunga, akanipa,
na daftari la madeni hakuligusa.
Liandike wewe deni hilo,
mahali nisipoweza kulifuta.

Mkumbuke Lukelesha fundi.
Kwake pamebaki mbao nne na anga,
lakini alipanda kwanza paa la Nkwimba
kwa kuwa humo kuna mzazi wa siku nne.
Nilisimama chini nikamshukuru kwa niaba ya ukoo mzima.
Hakujibu. Misumari ilikuwa imejaa mdomoni.

Mkumbuke Sengi wa Igombe.
Dagaa wake wa siku tatu walikuwa kichanjani;
mvua imewarudisha ziwani
na ziwa halikuwarudishia uhai.
Kanipigia simu akicheka.
Kicheko kile, Baba, kichunge,
kina ufa.

Mkumbuke kijana wa umeme juu ya nguzo,
ambaye sote tunamtukana kwa kuchelewa.

Na yule aliyeokota bati la mwenzake
akalificha nyuma ya choo —
namjua, nawe unamjua —
usimpige. Mkoseshe usingizi usiku mmoja tu,
tulisikie likiburutwa kurudi.

Mawe ya mlima huu hayakutikisika.
Lakini jiwe halijui kushukuru, wala kumwombea jiwe jingine,
ndiyo maana kazi hiyo tumeachiwa sisi
tunaotikisika.

Wingu lile halikuishia hapa.
Nililisikia likienda, linanguruma upande wa visiwani.
Huko kuna mtu aliyefumbua macho
akaona nyota mahali pa dari.
Sijui jina lake, sijui anasali kwa lugha gani,
au kama anasali.
Ombi ninalo. Jina liweke wewe.

Bibi yangu angemwita mtoto wa Nkwimba Kabula,
maana amekuja na mvua.
Mama yake amekataa.
Mvua hii, anasema, haitaitwa kila siku ndani ya nyumba yangu.
Amemwita Limi, jua.
Na kweli lilikuwa limetoka,
linawaka kwenye matope, kwenye magodoro,
kwenye picha ya harusi ya mtu iliyonasa mpapaini,
bibi na bwana wanatutazama kichwa chini.

Mchana nimepanda mwenyewe, na nyundo ya kuazima.
Nimeng'oa matatu ya jikoni.
Mvua ikirudi nitasonga ugali na mwamvuli begani,
si mara ya kwanza mlimani hapa.
Nimehesabu upya, kidole kwa kidole:
kumi na tano.

Ndipo kinywa kikafunguka.
Wabeja, Mungu. Wabeja sana.
Nimesema kwa sauti, Mama Ng'washi kasikia,
naye kaitikia.

Lukelesha, ukishatema misumari,
njoo uyachukue.